Mahali Patupu Pana Mwenyewe: Somo Juu ya Kuchagua Mahali pa Kupiga Hema



Prefe ameisha kuwaambia: hakuna kampi ya vakansi ya Pasaka mpaka mahali pa kulala pamechaguliwa na kuandikwa kwenye karatasi, pamoja na sababu zake. Wengi mmenung'unika. Nimesikia kwa masikio yangu kwenye veranda: "Mahali ni mahali tu, tukikuta pako sawa tunapiga hema." Ni kwa ajili ya maneno hayo nimeomba kurasa hizi za gazeti letu dogo. Maana maneno hayo hayo niliyasema mimi, nikiwa na umri wenu, na sitaki kuyaandika masomo yenyewe kabla ya kuwaambia yaliyotupata.

Tulikuwa vijana 19 na mwalimu mmoja. Ilikuwa mwezi wa Machi. Tulitembea toka asubuhi, na kufika saa tisa ya mchana tukatoka kwenye majani marefu, tukaona mchanga mweupe kando ya kijito. Sawa kama meza! Hakuna jiwe, hakuna mzizi, hakuna mwiba. Maji ya kupikia hatua tano. Mimi ndiye niliyepiga kelele, "Ni hapa!" Mwalimu alikuwa amechoka, akakubali. Tukafunga hema nne. Mzee mmoja akapita na mzigo wa mihogo kichwani, akasimama, akatazama, akauliza: "Wanangu, mtalala hapo?" Tukamjibu, "Ndiyo, baba." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Huu mchanga uliletwa na nani?" Akaenda zake. Tukacheka, tukadhani ni mafumbo ya wazee tu.

Usiku, kwenye saa nane, niliamshwa na kelele kama ya lori linalopanda mlima. Nikatoka nje. Juu yetu nyota zilionekana, hata tone moja la mvua halikuwapo. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, kule vilimani, nasi tulikuwa tumelala ndani ya njia yake. Maji ya matope yakaja mpaka magotini, na kabla hatujamaliza kuamshana yakafika kiunoni. Tukapanda ukingo kwa mikono na magoti. Gizani tukahesabiana: mmoja, wawili, watatu... kumi na wanane. Tukahesabu tena. Kumi na wanane.

Yule wa 19 tulimpata asubuhi, chini kidogo, amekumbatia mti. Alikuwa hai, mkono wake umevunjika. Ameisha kuwa baba wa watoto leo, na ule mkono haunyooki sawasawa. Kila ninapokutana naye sokoni ananisalimu kwa mkono huo, wala hajapata kunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Mfano wa nyumba iliyojengwa juu ya mchanga tuliujua wote tangu shule ya Jumapili. Hata tulikuwa tumeuigiza mbele ya wazazi. Usiku ule hakuna aliyeukumbuka.

Basi swali la yule mzee ndilo somo lenyewe. Mchanga uliletwa na mto, na kilicholetwa na mto mto hurudi kukichukua. Kumbe mahali patupu, palipo sawa, pasipo majani wala nyumba, pana mwenyewe. Hayupo tu kwa saa ile. Ukifika mahali pazuri porini, usifurahi kwanza. Jiulize: kwa nini pako wazi? Nani huwa anakaa hapa wakati mimi sipo? Katika pori la kuzunguka Salamabila wenyewe ni wengi, nami nitawataja kwa namna ninavyowajua.

Mwenyewe wa kwanza ni maji

Chukueni kalamu tufanye hesabu. Bonde dogo lenye ukubwa wa kilomita mraba moja si kitu, mnalivuka kwa robo saa. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu yake, na mvua ya namna hiyo kwetu si ya ajabu, ni metre kibo 20,000 za maji, ndiyo kusema bidoni 1,000,000 za lita 20. Ardhi inameza sehemu. Tuseme inameza nusu. Bado bidoni 500,000 zinatafuta njia ya kushuka, na njia ni moja tu: kile kijito mnachokiruka asubuhi bila kulowesha viatu. Tena Luama yenyewe inaanzia mbali, milimani upande wa mashariki. Inaweza kupanda hapa wakati sisi hatujaona wingu.

Mto huandika alama zake, na mtu akijua kusoma hawezi kudanganyika. Tazameni matawi ya vichaka vya ukingoni: je, kuna majani makavu na takataka zilizonasa juu ya vichwa vyenu? Maji yalifika pale. Tazameni mashina ya miti: kuna mstari wa tope, chini rangi moja, juu rangi nyingine. Matete yamelala yote upande mmoja. Mawe ni ya mviringo, hayana ncha. Pandeni juu ya alama iliyo juu kuliko zote, halafu pandeni tena kimo cha mtu mzima, na muende mbali na ukingo hatua 100. Mtasema, "Profesa, tutachoka kuteka maji." Ndiyo, mtachoka. Uchovu wa bidoni unapona kwa usingizi.

Lakini msikimbilie mahali palipo sawa kabisa huko juu. Udongo wetu mwekundu ukikanyagwa na watu 20 kwa siku mbili unakuwa kama sahani, maji yanasimama. Mteremko kidogo ni mzuri, wa kushuka kama hatua mbili au tatu kwa kila hatua 100; kichwa kilale upande wa juu. Ili kujua udongo, chimbeni shimo la kufika kiwiko, mimineni maji nusu ndoo. Yakizama wakati mnaimba wimbo mmoja, ni vizuri. Yakibaki yanawatazama, tafuteni mahali pengine. Na mfereji wa kuzunguka hema uchimbwe jioni ile ile, jua likiwa bado lipo, mdomo wake uelekee chini na usielekee hema la wenzenu.

Wenyewe wanaokaa ndani ya vumbi

Sasa kuna hatari ya upande wa pili. Mtu aliyeogopa mto anasema, "Basi tulale ndani ya ile nyumba ya zamani," au "pale walipolala wachuuzi, pana hata mafiga." Hapa nataka mjue habari moja iliyotokea karibu na sisi, Kasongo, ambayo inasomwa katika vyuo vya waganga ulimwenguni.

Njia ya misafara ya zamani ilitoka Ujiji, ikavuka Tanganyika, ikapita Kabambare na Kasongo mpaka Nyangwe. Watu wa msafara hawakuchagua mahali pa kulala kila siku. Walilala pale walipolala waliowatangulia, chini ya vibanda vile vile, juu ya vumbi lile lile. Wakati wa utawala wa Leopold njia hizo ziliendelea, na vibanda vya wasafiri vikaendelea. Watu wengi waliolala humo walishikwa na homa: siku chache mwili unawaka, kisha homa inaondoka, mtu anasema nimepona, halafu inarudi. Inaondoka, inarudi.

Mwaka 1903 walikuja Kongo waganga wawili wa shule ya magonjwa ya nchi za joto ya Liverpool, Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd. Dutton alikuwa kijana bado, lakini alikuwa na jina: mwaka 1901, huko Gambia, alitambua mdudu wa damu anayeleta malale kwa mtu. Mwaka 1904, kwenye Stanley Falls, mji unaoitwa leo Kisangani, wakagundua kwamba ile homa ya kurudi-rudi inaletwa na kijidudu chembamba kilichojikunja kama uzi, na kwamba anayekibeba ni papasi, ambaye Kongo anaitwa pia kimputu. Wakaendelea na safari kupanda mto. Dutton akafa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, kwa homa ile ile aliyokuwa anaichunguza. Alikuwa na miaka 30. Kijidudu hicho kinaitwa mpaka leo kwa jina lake, Borrelia duttonii.

Kwa nini nawaambia hayo katika somo la hema? Kwa sababu ya tabia ya papasi. Huyu si kama kupe wa ng'ombe anayeshikilia ngozi siku nyingi. Mchana amejificha ndani ya nyufa za ukuta na vumbi kavu la sakafu. Usiku anatoka, anakunywa damu kwa muda mfupi, anarudi shimoni kabla hujaamka. Asubuhi huoni kitu. Anaweza kukaa miaka bila kula, akimngojea mgeni. Ndiyo maana nyumba iliyoachwa zamani si nyumba tupu. Lakini huyo papasi hatembei mbali. Hema lililofungwa kando, juu ya majani mafupi yenye hewa, hatua 40 au 50 kutoka kile kibanda, halimhusu. Robert Koch, Mjerumani, naye alimkuta papasi mwaka 1905 upande wa Tanganyika, katika vibanda vya njia za misafara vilevile. Basi mkiona mahali pana majivu ya zamani, mafiga, ukuta uliobomoka, sakafu ngumu iliyopigwa, mjue pamelalwa sana. Pitieni. Mafiga mnaweza kuyabeba.

Na kwa kuwa nimetaja njia ile ya misafara: Livingstone aliyefika Kabambare mwezi wa Septemba 1869 alikuja kufungwa hapo hapo na vidonda vya miguu toka Julai 1870 mpaka Februari 1871. Mtu aliyevuka nusu ya Afrika alishindwa na nyayo zake. Kwenye kampi yenye tope viatu na soksi za akiba si kujivuna.

Mashimo

Hili ni la kwetu sisi hasa, na vitabu vya kampi vilivyoandikwa Ulaya havilitaji. Vilima vya Namoya, Mwendamboko, Kakula, na vijito vinavyovizunguka vimechimbwa dhahabu tangu wakati wa Wabelgiji, kwa mashini na kwa mikono. Wengi wenu karo yenu inatoka humo, kwa hiyo sisemi kwa kudharau. Lakini shimo lililoachwa halina kibao. Mvua moja linajaa maji, mvua ya pili majani yanalifunika. Kijana anatoka kwenye hema usiku kwenda haja ndogo, na kesho tunamtafuta. Penye marundo ya kokoto, penye udongo uliopinduliwa rangi ya chini ikawa juu, penye majani yaliyoota kwa mviringo mviringo, msipige hema, hata kama wachimbaji wamehama miaka kumi. Maji hayo yaliyosimama ndiyo pia nyumba ya mbu: toka yai mpaka mbu anayeruka ni wiki moja au mbili tu.

Tena kuna zebaki, ile dawa ya majimaji inayong'aa inayokamata dhahabu. Inaoshwa ndani ya kijito, na nyingine inachomwa motoni. Mmefundishwa kwamba maji yakichemka vizuri wadudu wa tumbo wanakufa, na ni kweli. Kolera inakufa, amiba anakufa. Zebaki haifi kwa sababu haikuwa hai. Kuchemsha hakuiondoi, na kuchuja kwa kitambaa hakuiondoi. Kwa hiyo kabla ya kusema "hapa pana maji", fuateni kijito kwenda juu, saa moja ikihitajika. Mkikuta watu wanaosha udongo huko juu, maji hayo si yenu, hata yakiwa meupe kama kioo. Afadhali chemchemi iliyofunikwa ya kijiji, mkaombe ruhusa na kupanga mstari pamoja na mama zetu.

Kuogelea pia. Najua mnawaza hilo kwanza! Katika maji yanayotembea polepole, yenye majani na konokono, kuna kichocho. Maniema kinajulikana sana, na wengine wenu mmekunywa dawa zake. Wadudu wake wanatoka ndani ya konokono mchana jua likiwa kali, ndiyo saa mnayopenda kuogelea. Tena kando ya mito yenye vichaka mbung'o wanauma mchana. Hema lisikaribie vichaka vya mto.

Radi

Mwaka 2016 wataalamu wanaohesabu radi kwa satelaiti walitoa orodha ya mahali panapopigwa zaidi duniani. Pa kwanza ni ziwa Maracaibo, Venezuela. Pa pili ni Kabare, hapa Kongo ya mashariki. Pa tatu? Kampene, teritware ya Pangi, mkoa wetu wenyewe wa Maniema! Huko ilihesabiwa mimweko zaidi ya 170 kwa mwaka juu ya kila kilomita mraba moja. Wengine hapa wanasema radi inatumwa na jirani. Mimi nawauliza: je, kuna jirani mwenye nguvu za kutuma nyingi namna hiyo? Ni hewa yenye maji mengi, jua kali, na milima ya mashariki inayoisukuma juu.

Kilima kitupu chenye mandhari nzuri ni cha radi. Mti mmoja mkubwa peke yake uwanjani ni wa radi, na mwembe mzee hata bila radi unaangusha matawi. Hema halizuii kitu. Nguzo zake za chuma ni mbaya zaidi. Kwa hiyo chagueni mahali penye miti ya kimo kimoja, chini ya mgongo wa kilima bila kufika bondeni, na muwe mwendo wa dakika kumi tu kutoka nyumba kubwa ya matofali, kanisa au shule. Nyumba hiyo si kinga kamili, msiegemee ukuta wala kushika mlango wa chuma, lakini ni afadhali mara nyingi kuliko hema au kibanda cha majani. Mkiona mmweko, hesabuni sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Hesabu ikiwa chini ya 30, acheni sufuria, acheni bugali, ingieni ndani. Bugali ilioungua tutapika nyingine.

Siafu nitawataja kwa haraka: mkiona njia yao nyembamba nyeusi kwenye ardhi saa kumi, msibishane nao, hameni. Ndakala na sombe zisilale ndani ya hema. Jikoni pakae upande upepo unakokwenda. Choo kichimbwe siku ya kwanza kabla ya kupika, hatua 50 toka hema, chini ya mteremko, na kisikaribie maji kwa hatua 40 hata kidogo. Kama vakansi ni ya Julai au Agosti, mambo mengi ya maji yanapungua lakini moto wa pori unakuja mahali pake. Fyekeni na kufagia mkanda wa hatua kumi kuzunguka kampi, na mlango wa hema usielekee majani makavu.

Wenyewe walio watu

Nimewaacha wa mwisho, na hao ndio wanaosahauliwa kuliko wote. Kila kipande cha pori hapa kina ukoo. Uwanja mnaoona ni shamba lililopumzishwa, na mwenye shamba anajua mwaka gani atalirudia. Kichaka kizuri chenye kivuli, ambacho hakuna aliyekata mti wake hata mmoja, pengine ni makaburi. Mkipiga hema hapo na kuimba nyimbo zenu za furaha, mmewatukana watu ambao hawajawakosea.

Kwa hiyo njia ya kwenda porini inapita kwa chifu wa lokalite. Mwalimu aende na wanafunzi wawili, si kwa simu, siku kadhaa mbele. Wapige hodi, wakae wanapoonyeshwa, waeleze ni nani, wangapi, usiku mingapi, na kwa nini. Wasianze kwa kusema, "Tumeisha kuchagua." Waseme, "Baba, tunaomba utuonyeshe mahali pa kulala watoto." Mara nyingi mtu huyo atawaokoa maneno yote niliyoandika juu, maana anajua mto ulifika wapi mwaka gani.

Na kuna neno ambalo siwezi kuliruka. Salamabila na vijiji vyake tumelala na kuamka na milio ya bunduki mara nyingi katika miaka hii, wala sihitaji kuwaeleza. Wapo wazazi wanaosema kampi isiwepo kabisa. Siwapingi, mtoto ni wao. Mimi nasema hivi: ruhusa ya chifu na ya wakubwa wa serikali iandikwe, mavazi na hema za rangi ya kijeshi zisitumike, tusilale kando ya barabara wala karibu na machimbo penye pesa, na asubuhi ya siku ya kuondoka tuulize habari mara nyingine tena. Kijiji kikisema, "Leo hapana," tunarudi, tunafunga hema zetu kwenye kiwanja cha mpira cha shule, na masomo ya kampi yanaendelea hapo hapo. Mwaka mmoja tulifanya hivyo. Vijana walinuna jioni ya kwanza. Jioni ya pili walikuwa wanacheka kama watu walioko mbali na nyumbani, wakati mama zao walikuwa wanawasikia toka jikoni.

Saa ya kuchagua

Mwalimu wetu wa zamani hakuwa mjinga. Alikuwa amechoka tu. Saa tisa ya mchana, na mizigo mgongoni, kila mchanga unaonekana kitanda. Kwa hiyo kuchagua kusifanywe siku ya safari. Watu watatu au wane waende wiki moja mbele, bila mizigo, wafike saa nne ya asubuhi, wazunguke mahali penyewe kwa upana, wapande juu ya kijito, waongee na wenyeji, na kama mvua ikianguka wasikimbie bali wasimame watazame maji yanapita wapi. Mahali palipoonekana pazuri wakati wa mvua ni pazuri kweli. Siku ya safari muwe mmefika kabla ya saa nane. Mkichelewa, ombeni kulala kwenye kanisa la kijiji cha karibu. Msitafute mahali kwa torshi.

Kazi ya kufanya

Wawili wetu tulipita upande wa kusini mwezi uliopita tukaona mahali patatu. Ninawaelezea jinsi tulivyopaona, nanyi mtachagua.

Pa kwanza: chini ya mwembe mkubwa, sakafu ngumu ya udongo, ukuta nusu wa nyumba iliyoachwa, mafiga matatu, kisima kidogo hatua 60. Kanisa la matofali lipo dakika tano.

Pa pili: juu ya kilima kisicho na miti, upepo mzuri, unaona nchi yote, majani mafupi, hakuna mbu. Maji yako chini, nusu saa ya kushuka. Njiani kuna marundo mawili ya kokoto ya zamani.

Pa tatu: shamba la mihogo lililopumzishwa, mteremko kidogo, visiki vingi vya kung'oa, miti ya kimo kimoja upande wa juu. Chemchemi ya kijiji ni hatua 400. Shamba ni la mama mjane ambaye hatukumkuta nyumbani. Shule ya matofali dakika nane. Shina moja la mti wa chini lina mstari wa tope wa kufika magoti.

Kila mmoja aandike amechagua wapi, kwa sababu gani, na ni kitu gani kingemfanya abadili mawazo. Chini yake aandike maswali ambayo angewauliza wenyeji kabla ya kufunga kamba ya kwanza. Chora ramani, uonyeshe upande wa mteremko kwa mshale, mahali pa choo, jikoni na mfereji. Karatasi ziwe mezani kwangu Ijumaa kabla ya kengele ya pili. Atakayeleta karatasi bila swali hata moja la kumwuliza yule mama, nitamrudishia ilivyo.